Siku Tatu Kisiwani na Mama Mkwe

Wazo la kwenda kuvua na kuzamia lilikuwa langu, na nililipata kwenye simu. Mimi ni fundi wa friji hapa Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini, na kazi ya friji ina kusubiri kwingi. Unaziba tundu, unajaza gesi, unawasha, kisha unakaa kwenye kigoda uone kama itashika baridi. Katika kusubiri huko ndipo nilipoanza kutazama video za watu walio mapumzikoni kwenye visiwa vya mbali, ng'ambo kabisa ya dunia. Kila video ilikuwa na nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba vichache, mchanga mweupe, na watu wazima wasio na haraka yoyote. Asubuhi walivua. Mchana walivaa miwani mikubwa, wakazama, na huko chini samaki wa rangi ya chungwa na bluu walipita mbele ya nyuso zao kama wateja sokoni.

Nilitazama mwaka mzima. Halafu, bila kumwambia mtu, nikaagiza kutoka Dar es Salaam fimbo ya kuvulia yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, pamoja na miwani ya kuzamia na mrija wake wa kupumulia. Mzigo ulipofika kwa basi mke wangu ndiye aliyeufungua. Akavaa miwani, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akanigeukia.

"Sasa, fundi, bahari yenyewe iko wapi?"

"Siendi baharini," nikasema. "Mahali nimeshapata."

Na kweli nilikuwa nimepata. Miezi michache kabla ya hapo niliitwa upande wa Mngeta kutengeneza friza ya mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni. Nilidhani nitakuta nyumba ya kawaida kando ya barabara. Badala yake dereva wa bodaboda alinipeleka hadi chini ya Milima ya Udzungwa, mahali ambapo mto mmoja unateremka kwenye mawe na kugawanyika mara mbili, kisha unaungana tena. Katikati ya mikono hiyo miwili kuna kisiwa, ukubwa wake kama uwanja wa mpira na nusu. Juu ya kisiwa kuna vyumba vinne vya matofali ya kuchoma, jiko, na daraja la magogo la kuvukia. Maji ya pale hayafanani na ya Mto Kilombero wenyewe, mazito ya rangi ya chai ya maziwa. Yanatoka msituni, baridi, na unaona mawe hadi chini.

Mwenye nyumba tulimwita Nahodha, kwa sababu alifanya kazi miaka mingi kwenye pantoni ya Kilombero kabla daraja halijajengwa. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua kamba tu, lakini jina hakulikataa. Pantoni ilipoacha kuvusha watu, akahamia pale na kujenga.

Nilimuuliza siku ile, huku nikikaza nati za friza, "Mzee, watu wanaogelea humu?"

"Wanaogelea."

"Na mamba?"

"Mamba anakaa kule chini kwenye tope. Huku kuna baridi na mawe matupu, atakuja kufanya nini? Kutalii?"

Basi nikawa nimepata kisiwa changu.

Mpango wangu ulikuwa wa watu wawili. Watoto wangekuwa Kidatu kwa dada yangu likizo ya Juni, mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi kwa hiyo naye angekuwa huru. Lakini nyumbani kulikuwa na mtu wa tatu, mama yake mke wangu. Baba mkwe alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka kule Mahenge, na baada ya matanga tukamchukua mama akae kwetu kwa muda. Alikuwa na umri wa miaka kama sabini hivi, mwembamba, mrefu kuliko binti yake, na tangu afike alikuwa amenyamaza. Hakuwa mgonjwa. Alikula, alisali rozari yake, alichambua mchele vizuri kuliko mashine. Ila ukimuuliza jambo alijibu kwa neno moja, na neno lenyewe mara nyingi lilikuwa "haya."

"Hatuwezi kumwacha," mke wangu alisema. "Tunakwenda naye."

Nikairudisha miwani kwenye boksi lake. Mwenye kujua ukwe ataelewa kwa nini. Upande wa mke wangu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hamkai mkeka mmoja. Hamli sahani moja. Humtazami usoni kwa muda mrefu, na kumgusa ndiyo usiseme kabisa. Mimi nilizaliwa kwenye kambi za wakata miwa, watoto wa makabila kumi tukicheza uwanja mmoja, kila nyumba na desturi yake, kwa hiyo mambo haya nilijifunza ukubwani na nilikuwa nayaogopa kupita kiasi, kama mtu anayeendesha gari la kuazima. Kwa miezi minne mama mkwe na mimi tuliishi nyumba moja tukizungumza kupitia kwa mke wangu. "Mwambie mama chai ipo." "Mwambie mkwe ahsante." Na wote watatu tuko sebuleni.

Sasa niwaze kuvaa kaptula na miwani ya mpira mbele ya mtu huyo!

"Mwambie mama," nikasema mwishowe, "kwamba tunakwenda mtoni."

Mke wangu akamwambia. Mama akaacha kuchambua mchele. "Mto gani?" aliuliza. Yalikuwa maneno mawili, na mke wangu akanikonyeza.

Tulifika siku ya Jumatatu alasiri, tumepakwa vumbi la barabara ya Mlimba kuanzia nyusi hadi viatu. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, na bonde zima lilinukia majani makavu. Nahodha alitupokea darajani, akamwamkia mama mkwe, "Shikamoo mama," ingawa umri wao haukupishana sana. Mama akaitikia "Marahaba," akavuka magogo yale bila kushika kamba. Mimi nilishika kwa mikono miwili.

Jioni ile hakuna kilichotokea. Tulikula wali na kambale wa kubanika, mama chumbani kwake na sisi barazani, tukasikiliza mbega wakinguruma upande wa msituni. Nilimwonyesha Nahodha fimbo yangu. Akakizungusha kigurudumu, akakisikiliza kama mtu anayenunua baiskeli iliyotumika.

"Hii kitu inavua?"

"Inavua samaki wa kilo arobaini baharini."

"Humu," akasema, "hakuna samaki anayejua kwamba hiyo ni ndoano. Atafikiri ni antena."

Kesho yake Nahodha alitupeleka kuvua. Mwendo wa nusu saa kwa miguu chini ya kisiwa, mto unaingia tambarare, unatulia, unakuwa mpana, na hapo alikuwa na mtumbwi wake. Mtumbwi wa gogo moja, mwembamba. Mama mkwe alikaa mbele, mke wangu akafuata, mimi nyuma yake, na Nahodha akasimama nyuma kabisa na pondo lake refu la kusukumia. Nilimshukuru mke wangu kimoyomoyo kwa upana wake, maana alikuwa ukuta mzuri kati yangu na ukwe.

Mke wangu akasema, "Mama anauliza kama kuna ndoano ya kwake."

Nahodha akatoa mshipi uliozungushwa kwenye kijiti, na ndoano moja iliyochakaa. Mama akachukua, akajaribu ncha yake kwa kucha, akachagua mnyoo kwenye kopo. Mimi nilisimama kwa magoti, nikarusha fimbo kama nilivyoona kwenye video. Mshipi ukaruka vizuri sana, ukapita juu ya maji, ukapita juu ya matete, ukanasa kwenye mti. Nahodha akatusukuma kwenda kuutoa. Mara ya pili nilinasa kofia ya Nahodha. Mara ya tatu ndoano ilianguka majini, na nikashangilia, halafu ikanasa gogo chini, na tukakaa pale robo saa nikivuta, mtumbwi ukiyumba, hadi mshipi ukakatika.

Wakati huo mama alikuwa ameshusha mshipi wake ubavuni mwa mtumbwi, akaushika kwa vidole viwili, akafumba macho. Nilifikiri amesinzia. Ghafla mkono ukapanda kidogo, kama mtu anayevuta uzi kwenye nguo, na perege akaangukia ndani ya mtumbwi, kati ya miguu ya mke wangu. Akaweka mnyoo mwingine. Akafumba macho. Perege wa pili. Kisha kambale mdogo. Kisha perege wawili wakubwa kama kiganja changu.

"Mwambie mama," nikasema, "anafanyaje?"

Mke wangu akauliza. Mama akafikiri.

"Mwambie mkwe," akasema, "aache kuwapigia kelele."

Nahodha alicheka mpaka akakaa chini. Mke wangu alicheka. Mimi nilijaribu kujizuia, halafu nikashindwa, na katikati ya kucheka kwetu nikasikia sauti nyembamba nisiyoijua, kama mlango unaohitaji mafuta. Ni mama. Alikuwa ametugeuzia mgongo, mabega yanatikisika, kanga amejifunika mdomoni. Mke wangu akaacha kucheka na kumwangalia. Hakuwa amemsikia mama yake akicheka tangu walipomuuguza baba pamoja kule Mahenge.

Tulirudi na samaki kumi na wanne. Wote walikuwa wa mama.

Siku ya Jumatano ndiyo niliyokuja kwa ajili yake. Upande wa juu wa kisiwa, mto unapoanguka kwenye mawe, umechimba bwawa la mviringo lenye kina kirefu. Maji yake ni ya kijani, na jua likiwa juu unaona miale inashuka ndani kama kamba. Nahodha alisema hakuwahi kukuta mwisho wake kwa pondo. Mke wangu na mama walikaa kwenye jiwe kubwa, mama akiwa na rozari yake, na mimi nikaanza kwa kuvua kidogo, ili nipate ujasiri wa kuvua shati.

Nilifunga ndoano mpya, nikaitupa katikati ya bwawa. Safari hii haikunasa mti wala kofia. Ilizama, ikatulia, nikaegemeza fimbo kwenye goti nikanyoosha mkono kuchukua andazi.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Fimbo iliruka kutoka gotini kwangu, ikapiga jiwe mara moja, ikaingia majini. Niliona kigurudumu kikimeta kikishuka, kinazidi kuwa kidogo, halafu hakuna. Andazi lilikuwa bado mdomoni.

"Imekwenda," alisema mke wangu.

Kununua nyingine lisingekuwa jambo gumu sana, lakini fimbo ile nilikuwa nimeisubiri mwaka mzima. Nikavua shati bila kufikiri ukwe, nikavaa miwani, nikauma mrija, nikaingia. Baridi ilinishika kifuani kama mkono. Sasa niseme ukweli ambao nilikuwa sijamwambia mtu: kuogelea nilikuwa sijui. Kule kwenye mashamba ya miwa tulikua kandokando ya mifereji, na mtoto aliyeonekana mferejini alichapwa. Nilichojua ni kupiga miguu na kuelea. Nikashika pembe ya jiwe, nikajisukuma chini. Maji yakanirudisha juu. Nikajisukuma tena, yakanirudisha, makalio yakitangulia. Nilikuwa kama kibuyu kitupu. Mrija ukajaa maji, nikakohoa, nikajaribu tena.

Ndipo nikasikia sauti kutoka juu ya jiwe, sauti kavu, isiyopita kwa mtu mwingine.

"Baba, toka majini."

Nikatazama juu. Mama mkwe alikuwa amesimama. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha moja kwa moja, na nilitoka kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Geuka kule," akasema.

Nikageuka. Nikaukazia macho ukuta wa mawe na ukoka ulioota juu yake. Nyuma yangu nikasikia kanga zikikunjwa, mke wangu akisema, "Mama? Mama, unafanya nini?" Halafu nikasikia maji, si kishindo, sauti ndogo tu, kama chungu kinachotumbukizwa kisimani.

"Ameingia!" mke wangu akapiga kelele. "Mama ameingia!"

"Ametoka?" nikauliza, bado nimeukabili ukuta.

"Bado."

Nikasubiri. Ukoka ule ninaweza kuuchora hata leo.

"Ametoka sasa?"

"Bado. Simwoni. Mungu wangu, simwoni!"

Heshima ina mwisho wake. Nikageuka. Bwawa lilikuwa tupu, maji yametulia kabisa, kijani kitupu, na kwenye jiwe palikuwa na kanga mbili zilizokunjwa vizuri na rozari juu yake. Mke wangu alikuwa amepiga magoti ukingoni, mikono kichwani. Niliwaza matanga mengine. Niliwaza namna ya kuwaeleza watu wa Mahenge kwamba mama yao, mjane wa miezi minne, amekufa akitafuta kichezeo cha mkwe wake. Sikumbuki kuruka. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa ndani, bila miwani, napiga mikono, nameza mto mzima, nikiita "Mama! Mama!" na kila nikifungua mdomo maji yanaingia. Jiwe nililokuwa nikilishika halikuwepo tena. Miguu ikatafuta chini, ikakosa chini.

Kitu kikanikamata nyuma ya shingo. Vidole vigumu, vya mtu aliyepalilia maisha yake yote. Kikanivuta, kikanigeuza chali, na sikioni mwangu ile sauti kavu ikasema, "Lala. Usipigane na maji. Lala tu."

Nikalala. Nikavutwa kama gogo hadi penye kina kifupi, nikashika mchanga, nikakohoa mpaka machozi yakatoka. Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa ameketi majini karibu yangu, shimizi lake limemganda, mvi zimelowa, hata kuhema hahemi sana. Mkono wa kushoto alikuwa ameshika fimbo yangu ya kuvulia. Ndoano ilikuwa imenyooka kama sindano. Samaki aliyefanya vile hatujamjua hadi leo, na Nahodha alipoonyeshwa alisema hata yeye asingependa kumjua.

Mke wangu aliingia na nguo zake zote, akamkumbatia mama yake, akalia, akamgombeza, akamkumbatia tena.

"Mama, unajua kupiga mbizi?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu sijaolewa."

"Mbona hukutuambia?"

Mama akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Hamkuniuliza."

Hapo ndipo nilipokumbuka ukwe. Nilikuwa nimekaa nusu uchi kando ya mama mkwe, naye amenishika shingo kwa mkono wake mwenyewe mbele ya binti yake. Nikashuka tena majini hadi kidevuni, nikageuza uso.

"Mwambie mama," nikaanza, "naomba anisamehe, nimemkosea heshima, nikifika nyumbani nitatafuta wazee..."

"Baba," mama akanikatiza, yeye mwenyewe. "Majini hakuna ukwe. Ukwe uko nchi kavu."

Akasema hivyo bila kucheka, kama mtu anayetaja sheria inayojulikana. Sijui kama ni mila ya kweli au aliitunga pale pale. Nimewahi kumuuliza mzee mmoja wa Kindamba, kabila la watu wa bonde hili, akanijibu, "Kama mama mkwe amesema, wewe unataka ushahidi gani tena?"

Jioni, barazani, alitusimulia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minne kusikia sentensi zake zikifuatana. Alizaliwa kwa wavuvi, chini kule Mto Kilombero unakosambaa. Baba yake alitega migono, ile mitego ya kusuka ya samaki, na migono ilikuwa ikinasa kwenye mizizi chini ya maji. Kati ya watoto wake wote yeye ndiye aliyekuwa mwembamba na mwenye pumzi ndefu, kwa hiyo yeye ndiye aliyetumwa chini kuinasua. Alijifunza kufungua macho ndani ya maji ya tope na kuona kwa vidole. Wavulana wa kijiji walishindana naye wakashindwa. Halafu akaja kijana mmoja kutoka mlimani, mkulima, mtu wa kanisa, mpole sana, akamwoa na kumpeleka Mahenge, ambako maji ya kuzamia hayapo.

"Baba alijua?" mke wangu akauliza.

"Alijua. Alikuwa anaogopa maji yule." Akatabasamu kidogo. "Aliniambia, mke wangu, huku mlimani tutakuwa salama wote wawili." Akanyoosha kanga yake magotini. "Na tulikuwa salama. Miaka arobaini na nane."

Nahodha alileta chai ya mchaichai na vitumbua, akaweka katikati, na mama akachukua kitumbua kutoka sahani ile ile niliyokuwa nakula mimi. Mke wangu aliona. Nami niliona. Tukaendelea kunywa chai.

Alhamisi tulikuwa tuondoke saa nne. Saa moja asubuhi, nikiwa napiga mswaki, mama mkwe alipita mbele ya chumba chetu akiwa na kanga ya kifuani na kitambaa kichwani.

"Twende," alisema. "Na ile miwani."

Bwawani alinifundisha. Somo lenyewe lilikuwa fupi. "Wewe unaingia na hofu, hofu ina hewa nyingi. Toa hewa kwanza. Halafu elekeza kichwa chini, miguu iache ifuate yenyewe." Nilishindwa mara sita. Mara ya saba nilitoa pumzi hadi nikajisikia mtupu, nikainamisha kichwa, na maji hayakunirudisha.

Kulikuwa kimya kule chini. Nilitegemea giza, lakini mwanga ulikuwa wa kijani kibichi, unacheza juu ya mawe. Samaki wadogo walikuwa wamesimama kwenye mkondo wote wakitazama upande mmoja, kama watu kwenye foleni, wa kijivu, wenye mapezi mekundu pembeni, mekundu kidogo tu. Mmoja alinisogelea kwenye kioo cha miwani, akanichunguza, akaondoka. Kando yangu mama mkwe alipita bila miwani, macho wazi, kitambaa chake kimefunguka kikimfuata nyuma. Aligusa jiwe la chini kabisa kwa kiganja, kama mtu anayegonga mlango wa jirani, akapanda.

Nilidumu labda kwa kuhesabu hadi kumi na tano. Nilipotoka nilikuwa napiga kelele kama mtoto, na mke wangu kwenye jiwe alikuwa akirekodi kwa simu, lakini kidole chake kilikuwa kimeziba kamera, kwa hiyo video ipo na inaonyesha kidole tu na sauti yangu ikisema, "Nimewaona! Wana mapezi mekundu!"

Njiani kurudi, basi lilisimama kwenye kituo kimoja kabla ya kufika Ifakara, na mama akainuka na mfuko wake.

"Mimi nashuka hapa," alisema. "Kwa mdogo wangu."

Mdogo wake huyo, wa mwisho kwao, alikuwa ameolewa karibu na mto, na walikuwa hawajaonana kwa muda mrefu, tangu miguu ya mdogo ilipoanza kumsumbua. Mke wangu alitaka kubisha, akasema hatujajiandaa, hana nguo za kutosha. Mama akasema nguo mtoni zinakauka haraka. Akashuka. Kupitia dirishani nilimwona akiulizia njia kwa muuza machungwa, akielekezwa, akienda kwa mwendo wa mtu mwenye miadi.

Alikaa huko wiki tatu. Nyumba ilikuwa tulivu, na mke wangu na mimi tulijikuta tukila kimya tukitazama kiti chake. Kisha asubuhi moja nikiwa nimefungua mgongo wa friji ya mteja, bodaboda ikasimama nje, na mama mkwe akateremka na kapu la samaki wa kukausha lenye harufu iliyomtangulia hadi ndani. Alikuwa amenenepa kidogo, na mikono yake ilikuwa na mikwaruzo mipya ya mshipi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Hujambo?" Akachungulia ndani ya friji ile, akaguna. "Samaki hawa usije ukawaweka humo. Mnaharibu samaki kwa baridi, nyie. Na mchuzi wenu una maji mno, nimevumilia miezi minne, sasa basi. Chumvi iko wapi?"